Msimulizi kijana mwenye usonji: tunaona kwa macho yake, au tunamchungulia mgongoni?

KalamuButu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma mnisamehe bure. Na niseme mapema: kuna riwaya nitaieleza mpaka ndani, kwa hiyo kama hujaisoma na hutaki utamu uharibike, shukia hapa.

Naandika hadithi ndefu inayosimuliwa na mvulana wa miaka 13 mwenye usonji (autism). Nilishafika ukurasa wa 60 na, sitaficha, nilikuwa nimeanza kujipigia makofi. Mwezi uliopita nikampa mpwa wangu sura ya kwanza. Ana miaka 16, naye ana usonji, na ni msomaji mkali kuliko watu wazima wengi ninaowajua. Alisoma bila kuinua kichwa, akazipanga karatasi mpaka pembe zote zikalingana, akanirudishia. "Huyu mtoto haoni kitu," akasema. "Wewe ndiye unayeona, halafu unamficha." Nikamwomba afafanue. Akajibu kwamba ameshafafanua.

Aya iliyomkera hii hapa, naiweka hadharani nijiaibishe mwenyewe:

> Mama alikuwa amekaa mezani. Maji yalikuwa yakimtoka machoni. Nilifikiri amekata vitunguu, lakini nilipoangalia ubao wa kukatia sikuona kitunguu hata kimoja. Nikamuuliza vitunguu viko wapi.

Wenzangu wawili walioisoma kabla yake walicheka, kisha wakasema inagusa. Mimi mwenyewe niliipenda mno. Sasa nimebaki kujiuliza walicheka nini hasa, na ni nini kiliwagusa.

Basi nikarudi kwenye kitabu ambacho, tukubali tukatae, wengi tunaoandika wasimulizi wa aina hii tunakiibia: *The Curious Incident of the Dog in the Night-Time* cha Mark Haddon, cha mwaka 2003. Christopher Boone, miaka 15, anaishi Swindon, Uingereza. Anakuta mbwa wa jirani ameuawa kwa uma mkubwa wa bustani, anaamua kumsaka muuaji na kuandika kitabu kuhusu msako huo. Sura amezipa namba tasa tu: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Hapendi njano wala kahawia. Akiona magari mekundu manne yamefuatana barabarani, siku ni njema. Yakiwa ya njano manne, siku ni nyeusi na haongei na mtu.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilimwona Haddon mchawi. Safari hii nimesoma na penseli mkononi, na kila nilipocheka au kuumia niliandika pembeni: "Nani kaniambia hili?" Mara nyingi jibu halikuwa Christopher. Alikuwa Haddon, ananikonyeza juu ya kichwa cha mtoto. Mfano mkubwa ni zile barua. Christopher ameambiwa na baba yake kwamba mama amefariki. Siku moja anakuta kabatini rundo la barua zilizoandikwa jina lake. Anafungua ya kwanza, anaisoma, na anawaza kwamba pengine imetoka kwa mama mwingine kwenda kwa Christopher mwingine. Sisi tumeshaelewa tangu mstari wa pili. Tunakaa tunamsubiri, kama watu wazima waliosimama juu ya ngazi wakimtazama mtoto anavyopanda.

Wataalamu wa fasihi wanaita hiyo kinaya: msomaji anajua, mhusika hajui. Kinaya hakina kosa. Ila kikiachiwa kubeba kitabu kizima, usonji unageuka pazia ambalo mwandishi analivuta na kulifungua anapotaka yeye.

Kuna jambo ndani ya riwaya hiyohiyo lililonifanya nicheke peke yangu. Christopher anakumbuka alivyopimwa utotoni. Mwanamke anamwonyesha mrija wa pipi za Smarties, anamuuliza ndani kuna nini. Anasema Smarties. Kufungua, kuna penseli. Sasa anaulizwa: mama yako akiingia sasa hivi atasema kuna nini? Anajibu: penseli. Kipimo cha namna hiyo ni cha kweli, kina ndugu yake maarufu wa mwaka 1985, kile cha wanasesere Sally na Anne. Watoto 20 wenye usonji walipimwa, 16 wakakosea. Kwa miaka mingi matokeo hayo ndiyo yaliyotumika kusema kwamba watu wenye usonji hawawezi kujua kilichomo kichwani mwa mwenzao.

Sasa tazameni riwaya zetu zinavyoandikwa. Mwandishi anatia penseli ndani ya mrija, anatuonyesha sisi wasomaji, anaufunga, kisha anamleta msimulizi aseme "Smarties". Kila ukurasa tunafaulu kile kipimo na tunajisikia watu wenye huruma na akili nyingi. Aya yangu ya vitunguu ni mrija uleule wa Smarties.

Lakini, na hapa ndipo napenda tujadili, kuna kurasa za Haddon zinazofanya kinyume. Christopher anaeleza kwamba mtu wa kawaida akisimama kando ya shamba lenye ng'ombe ataona ng'ombe, majani, maua kiasi, basi. Yeye anaona ng'ombe 19, 15 kati yao weusi kwa weupe na 4 wa kahawia kwa weupe, na kijiji kwa mbali chenye nyumba 31 zinazoonekana na kanisa lenye mnara wa mraba. Pale mimi ndiye nisiyeona. Nilifunga kitabu nikajaribu kukumbuka chumba nilichotoka dakika mbili nyuma. Nilikumbuka mlango na kiti.

Na hata kwenye barua, Haddon anajikomboa. Christopher anasoma ya pili, ya tatu, ya nne, kisha anaacha kusoma kwa sababu anajisikia vibaya. Hatuambii "nilihuzunika". Muda unapita, baba anarudi, anamkuta amejikunja na kujitapikia. Mwili ulishaelewa. Pale hakuna wa kumcheka.

Swali langu kwenu: inawezekana kuandika kitabu kizima kwa namna ya ng'ombe na matapishi, bila vitunguu? Au bila kinaya msomaji atachoka?

Mpitanjia_2

Navuta kiti. Ila mkuu, vitunguu mimi nimecheka. Samahani kwa mpwa.

BintiKurasa

Mleta uzi nimekusoma mpaka mwisho, lakini Haddon umemwonea.

Ndani ya riwaya neno usonji halipo. Asperger nalo halipo. Hilo liliwekwa na wachapishaji kwenye jalada (jina lenyewe tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umelimeza ndani ya wigo wa usonji, halitolewi tena kama ugonjwa wa pekee). Mwaka 2009 Haddon mwenyewe aliandika kwamba kitabu chake hakihusu Asperger, kinahusu kuwa tofauti na watu, na kwamba yeye anajua machache sana juu ya hali hiyo. Unaweza kumlaumu kwa kutofanya utafiti, lakini usimlaumu kwa ahadi ambayo hakuitoa.

Halafu kinaya ni mali ya kila msimulizi mtoto. Mtoto yeyote akisimulia ndoa ya wazazi wake inayovunjika, msomaji atajua kabla yake. Ukikiondoa unabaki na mtu mzima aliyevaa kaptula.

Na huyo Christopher si kipofu hivyo. Baba anakiri kwamba ndiye aliyemuua mbwa. Christopher anapiga hesabu: aliyeweza kuua mbwa anaweza kuniua mimi, na amenidanganya jambo kubwa, kwa hiyo hapa si salama. Anaondoka usiku na panya wake mfukoni, anafika London peke yake. Hesabu hiyo ina kasoro gani? Ni sisi tunaosema "aah, baba yake anampenda". Pengine sisi ndio wajinga.

Niongeze la jukwaani, maana niliufuatilia sana ule mchezo. Riwaya ilitengenezwa tamthilia London mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikazoa tuzo 7 za Olivier. Jukwaa lilikuwa sanduku jeusi lenye mistari ya miraba kama daftari la hesabu. Ile sehemu ya stesheni, taa na kelele na maneno ya mabango vinamwagika kwa pamoja, na vinamwagikia hadhira vilevile. Hakuna mtu anayepata nafasi ya kukaa juu ya ngazi. Kitabuni Haddon alijaribu kitu cha aina hiyo kwa kuyavuruga maandishi ya mabango ya stesheni ya Paddington mpaka hayasomeki, lakini ukurasa unaweza kuuruka. Sauti huwezi.

SautiYaChini

Huwa nasoma tu humu, sichangii. Leo nimeshindwa kukaa kimya.

Nina usonji. Nilithibitishiwa nikiwa na miaka 29, kwa hiyo utoto wangu wote niliusimulia kwa lugha za watu wengine: mvivu wa kujibu, mjuaji, mwenye maringo. Kile kitabu nilipewa zawadi na watu watatu tofauti mwaka mmoja. Wote walisema "nimesoma, nikakukumbuka". Nilikisoma, nikacheka, lakini nilicheka mahali pengine kabisa. Nilicheka Christopher anaposema sitiari ni uongo, kisha kurasa chache baadaye anaeleza pua ya polisi kwamba ni kana kwamba panya wawili wadogo wamejificha matunduni, na akajitetea kwamba hiyo ni tashbihi. Huo ni ubishi wa kwetu nyumbani! Wakili wa maneno! Hapo nilimtambua. Kwenye namba tasa sikumtambua, mimi hesabu ilinishinda mapema.

Tatizo langu na waandishi ni sauti wanayotupa. Sentensi fupi. Hakuna kivumishi. Orodha. Kama risiti. Mtu amekaa akaamua kwamba asiyeonyesha uso wa huzuni hana maneno ya huzuni, basi akampa sarufi ya mashine. Watu wenye usonji ninaoandikiana nao wanaandika sentensi ndefu kuliko mkia wa kishada, mabano ndani ya mabano, kwa sababu kila kitu kinaonekana cha lazima na hujui kipi uache. Mkifuta mabano yetu mnatufuta sisi.

Nikueleze kinachotokea, mleta uzi, labda kitakusaidia. Niko chumba chenye taa ya mrija. Mtu ananiuliza swali. Taa naisikia kwanza. Ina mlio mwembamba ambao kila mtu anasema haupo. Sauti ya mtu inafika kama sauti tu, nene, inapanda mwishoni. Halafu inakuwa maneno. Halafu maneno yanakuwa swali. Halafu nagundua ni mimi ninayeulizwa. Hapo katikati zimepita kama sekunde nne, na sekunde hizo ndizo watu wanaita kiburi. Sijaona riwaya nyingi zilizoandika hizo sekunde nne kutoka ndani. Nyingi zinasimulia kutoka nje, mtu anasubiri jibu, kisha jibu linakuja la ajabu, watu wanacheka.

Na wasichana? Kwa muda mrefu msimulizi wa aina hii amekuwa mvulana wa treni, wa hesabu, wa hali ya hewa. Ted, msimulizi wa riwaya ya Siobhan Dowd (2007, miaka 12, binamu yake anapanda gurudumu la London Eye na hashuki) ninampenda kwa dhati, maana anasema wazi kwamba ubongo wake unaendeshwa kwa mfumo mwingine, si mfumo ulioharibika. Lakini naye ni mvulana wa hali ya hewa. Nilisubiri mpaka 2020, *A Kind of Spark* cha Elle McNicoll, mwandishi ambaye mwenyewe ana usonji. Addie, miaka 11, kijiji cha Juniper huko Scotland. Anasikia darasani kwamba zamani wanawake wa kijiji kile waliuawa kwa kuitwa wachawi, anataka wawekewe kumbukumbu. Wakubwa wanamwona msumbufu. Dada yake mkubwa, Keedie, naye ana usonji, na yuko chuoni anajibana siku nzima aonekane kama wengine, jioni hana nguvu ya kusimama. Hilo ndilo nililolia nalo. Si kwamba linasikitisha. Ni kwamba lilikuwa sahihi: kuvaa uso wa watu kuna gharama, na gharama inalipwa nyumbani mlango ukishafungwa.

Angalieni kinaya kinavyokaa pale. Asiyeona ni kijiji. Wamelala juu ya historia ile miaka yote bila kuuliza. Msomaji yuko upande wa Addie, haangalii kutoka juu ya ngazi. Kwa hiyo BintiKurasa, kinaya kibaki, naomba tu kigeuziwe mdomo upande mwingine.

Mpitanjia_2

Dada SautiYaChini heshima yako. Swali la mjinga, msinirukie: siku zote nimesikia watu wenye usonji hawana huruma, hawawezi kuvaa viatu vya mwenzao. Sasa msimulizi asiyejua wengine wanahisi nini, mwandishi afanyeje zaidi ya vitunguu?

SautiYaChini

Sikurukii. Umeuliza kistaarabu.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alisema tatizo hili lina pande mbili. Mimi nashindwa kukusoma wewe, na wewe unashindwa kunisoma mimi, ila kwa kuwa mko wengi, kushindwa kwangu kumepewa jina la kitabibu na kwenu hakuna jina. Mwaka 2020 watafiti wakajaribu ule mchezo wa kunong'onezana hadithi, mtu kwa mtu, watu 8 kwa mstari. Mstari wa watu wenye usonji watupu ulifikisha hadithi sawasawa na mstari wa wasio na usonji watupu. Uliopoteza zaidi ni mstari uliochanganywa.

Sasa mwandishi ana mali kubwa hapo. Aandike chumba ambamo wawili hawasomani, na asimpe mmoja wao ushindi.

MamaWaWawili

Nimesoma yote na nashukuru, ila mimi nina donge.

Mwanangu wa pili ana miaka 9. Hatumii maneno. Hajui miji mikuu, hajui namba tasa. Filamu ya *Rain Man* ilitoka 1988 na mpaka leo nikisema usonji mtu ananiuliza "kipaji chake ni nini?" Lile boksi la vijiti vya meno linalodondoka, na Raymond, mhusika mwenye usonji, anasema papo hapo viko 246. Mwanangu ukimdondoshea vijiti atalala kifudifudi shavu likiwa sakafuni, avitazame kwa usawa wa jicho, nusu saa. Vinakuwa nini kwake pale chini, sijui, msitu labda. Natamani kumsoma msimulizi anayelala sakafuni.

Na wasimulizi wenu wote hawa, mkubali, wanasema vizuri. Nafsi ya kwanza yenyewe inadai maneno. Kutoka Japani kuna kitabu alichoandika Naoki Higashida, kijana mwenye usonji, akiwa na miaka 13, kilichotoka 2007, yeye akionyesha herufi ubaoni moja baada ya nyingine. Si riwaya, ni maswali na majibu, na wapo wataalamu waliotilia shaka maneno yale yalivyopatikana. Ugomvi huo siuwezi. Nasema tu kwamba nilikisoma usiku mmoja, kesho yake nikaacha kuongea juu ya mwanangu mbele yake kana kwamba ni kabati.

MzeeNukta

Kazi yangu ni kuhariri miswada, na tangu miaka kadhaa iliyopita kila nikifungua bahasha namkuta mtoto mwenye usonji anasimulia. Nina neno moja kwa mleta uzi, la lugha.

Acheni kutafsiri utani wa Kiingereza. Waandishi wamesoma kwamba watu wenye usonji huchukua maneno kama yalivyo, basi wanaingia kwenye Kiswahili na kurunzi kutafuta nahau. Nimepokea mswada ambamo mtoto anashangaa: Baba amepigaje simu na simu haijalia? Mjomba amekula kiapo, kina ladha gani? Piga pasi, piga mswaki, piga hodi, kila ukurasa mshangao. Jamani. Mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiswahili amesikia "piga simu" kabla hajaota meno. Kwake ni neno moja, kama "meza". Anayeshangaa "piga simu" ni mgeni aliye darasa la wiki ya tatu. Mnaandika mtalii, mnamwita mwenye usonji.

Kinachomsumbua huyo mtoto ni kipi? Ni maneno yasiyo na nahau hata kidogo. "Nakuja sasa hivi." "Ngoja kidogo." "Tutaangalia." "Hamna shida," huku sauti ikisema shida ipo. "Kidogo" ni dakika ngapi? Jana ilikuwa 4, leo 50. Hapo hana pa kushika, na ukiandika hivyo msomaji wa kawaida hatacheka, ataona aibu kidogo, kwa sababu anajua ametumia "sasa hivi" kumdanganya mtu asubuhi hiyohiyo.

Jingine, hili nalitoa bure. Tuna ngeli. Lugha yetu inakulazimisha kila sentensi uamue kipi kina uhai na kipi hakina: mtu analala, paka analala, feni limezima. Nilipata mswada mmoja, haujachapishwa, mtoto anasema "feni amelala". Nikapiga mstari mwekundu. Ukurasa uliofuata "feni ameamka". Nikasimamisha kalamu. Mtoto yule alikuwa amempandisha feni ngazi, akamtoa kwenye vitu akamweka kwenye watu, wakati shangazi anayemfinya mashavu alikuwa akimwita "kile". Hapakuwa na maelezo popote. Upatanisho wa sarufi ulibeba ulimwengu mzima. Nilifuta mstari wangu mwekundu kwa kifutio, nikatoboa karatasi.

Ila usizidishe. Mara tatu kitabu kizima inatosha, vinginevyo inakuwa sarakasi.

BintiKurasa

Mzee, "shangazi kile" nimeiba rasmi.

Mpitanjia_2

"Nakuja sasa hivi" imenigusa pabaya. Nimemwandikia mtu hivyo nikiwa kitandani.

KalamuButu

Wakuu, nimekaa siku nne na uzi huu. MamaWaWawili, kwako sina jibu, na sitajifanya ninalo. Mvulana wangu anaongea. Wa sakafuni anahitaji mwandishi mwingine, au anahitaji niwe mwandishi mwingine.

Nimeandika upya. Nilijiwekea sharti: hakuna anachojua msomaji ambacho mtoto hajakishika kwanza kwa sikio au kwa jicho. Ngeli ya MzeeNukta nimeitumia mara moja, nisionekane mroho. Someni mnichane:

> Kijiko amegonga ukingo wa kikombe mara ishirini na mbili. Mama hukoroga mara sita, na siku akiwa na haraka mara nne. Sukari iliyeyuka tangu mara ya tisa au ya kumi, kwa sababu ile sauti ya chini, ya mchanga, ilikuwa imekoma, ikabaki ya kioo peke yake. Simu ilikuwa mezani imelazwa kifudifudi. Mama hailazi kifudifudi, anasema kioo kitakwaruzika. Nilikaa kwenye kiti cha karibu naye, ambacho si changu, nikasubiri kijiko anyamaze. Sikujua kwa nini Mama analia.

BintiKurasa

Hii nimeisoma mara tatu. Nimehesabu na mimi.

MzeeNukta

"Anyamaze" imefanya kazi yake. Bahasha yangu iko wazi.

SautiYaChini

Sentensi ya mwisho ni vitunguu vilevile, umevikata vidogo tu. Umerudi ngazini dakika ya mwisho kwa hofu kwamba hatujaelewa. Yeye anajua. Ameshakaa kwenye kiti ambacho si chake.

KalamuButu

Nimeifuta. Aya sasa inaishia kwenye kijiko. Mpwa anaisoma Jumamosi.